Godoro Mliliweka Wapi?

Watu wengi wakiingia kwenye nyumba iliyopitiwa na mafuriko huuliza maji yalifika wapi. Mhandisi hakuuliza hivyo hata mara moja katika miaka niliyomjua. Alivua buti zake za mvua mlangoni, akaamkia kwa mpangilio, wakubwa kwanza, akakaa pale alipoonyeshwa, akapokea chai, akauliza habari za walioko shule na walioko safarini. Kikombe kikiisha ndipo aliposema, "Haya. Godoro mliliweka wapi?"

Sababu alinieleza siku moja tukiwa njiani. Ukimuuliza mtu maji yalifika wapi, kwanza anakutazama ajue wewe ni nani. Akidhani umeleta msaada, maji yanapanda mpaka dirishani. Akidhani umekuja kumhamisha, yanashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lakini godoro hakuna anayelidanganyia. Kila mtu anakumbuka siku aliyonyanyua godoro, nani alishika upande gani, na lilitua juu ya nini. Mhandisi alikuwa anataka hicho kitu tu. Akikipata, anakipima kwa mwavuli wake mweusi, ambao alikuwa ameuchora mistari ya rangi ya kucha kuanzia kwenye ncha mpaka kwenye mpini.

Nakumbuka nyumba ya mzee mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, aliyetupokea akiwa amesimama mlangoni kabisa, kama kuzuia.

"Hapa kwangu maji hayaingii, Mhandisi. Andika hivyo. Hayaingii."

"Alhamdulillahi. Na godoro mliliweka wapi masika iliyopita?"

"Juu ya friji," mkewe akajibu kutoka uani.

"We mwanamke!"

"Si ulilibeba mwenyewe? Mgongo ukakuuma wiki nzima, nikakukanda na mafuta ya karafuu."

Mhandisi alikuwa ameshainuka kwenda kulipima friji. Mzee akabaki ameshika kizingiti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti, hilo la mgongo msiliandike."

Nimeanza kuandika habari za Mhandisi mara nyingi na kila mara nimefuta. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga duka narudi kuusukuma mlango nione kama kweli umefungwa. Nikituma ujumbe nausoma tena ukiwa umeshakwenda, natafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Kumwandika mtu ni vibaya zaidi, kwa sababu mtu hana vipimo. Jina lake nalijua, lakini hapa mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mhandisi kwa watoto na kwa imamu, na Bi Mhandisi kwa wanawake wa rika lake. Nami namwacha hivyohivyo.

Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Bagamoyo. Kuchora ramani sikusomea. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kunakili ramani za vitabu vya jiografia ambavyo walimu walileta dukani kuvitolea nakala. Wateja walikuwa wanatuuliza njia kila saa, ofisi fulani iko wapi, zahanati iko wapi, basi nikachora ramani kubwa ya mji nikaibandika ukutani. Niliipenda na niliichukia. Kila asubuhi nilikuwa naona barabara moja niliyoipinda vibaya.

Mhandisi aliingia kutoa nakala za vitambulisho. Alikuwa mwanamke mrefu, mstaafu wa idara ya maji, ushungi umefungwa vizuri na buti za mpira miguuni ingawa lilikuwa jua kali. Aliipa mgongo kaunta, akaitazama ramani mpaka nikaanza kutokwa jasho.

"Nani kachora?"

"Mimi, lakini haijakamilika, samahani, kuna sehemu nataka kuzi..."

"Sijauliza kama imekamilika." Aligusa ukuta kwa ncha ya mwavuli. "Kijito hiki kimeogopa nini hapa?"

Nilitazama. Kijito chetu, kile kinachopita bondeni nyuma ya nyumba yetu kabla hakijaingia baharini, nilikuwa nimekikunja ghafla kama kiwiko. Nilijua kwa nini. Pale juu nilikuwa nimeandika kichwa cha ramani kwa herufi za madoido na sikutaka kikatwe.

"Kimeogopa kichwa cha ramani," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka kiganja mdomoni kuizuia karafuu isidondoke. Alikuwa na karafuu shavuni kutwa nzima. "Basi wewe una nafuu. Wengi ninaowauliza hawajui kilichoogopwa. Njoo Jumamosi, vaa viatu usivyovipenda."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mchoraji wa mpango wa kijito. Serikali ya mtaa ilikuwa imemwomba aisaidie kamati kuandaa mpango wa kupeleka halmashauri, maana kila masika bonde lilikuwa linajaa. Vijana wa kamati walikuwa na mpango wao tayari: kinyooshwe, kimwagwe zege pande zote mpaka baharini, kiwe mfereji, yaishe. Mhandisi aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaambia mkutano umeahirishwa mpaka bamvua, mwezi ukiwa mpevu na bahari inajaa kuliko siku zote, na utafanyika kwenye ukingo wa kijito, watu wakiwa wamesimama.

"Kwa nini tusimame, Mhandisi?" akauliza mwenyekiti wa mtaa, ambaye ana miguu mibovu.

"Mkikaa mtaanza hotuba."

Tulisimama. Bahari ikaja. Maji ya chumvi yaliingia kijitoni yakipanda kuelekea bara, yakisukuma maji ya juu yarudi yalikotoka, na kijito kikawa kama mtu anayesukumwa mlangoni na watu wa ndani na wa nje. Hakuwaeleza kitu. Alisubiri mpaka kijana aliyekuwa mshabiki mkubwa wa zege akasema mwenyewe, "Ina maana mvua ikija saa hii, hata mfereji ukiwa wa dhahabu maji hayana pa kwenda."

"Sasa tafuteni pa kwenda," akasema Mhandisi, akamega kitumbua.

Kula alikula popote. Vitumbua alivitembeza mfukoni kwenye karatasi, akala amesimama kwenye matope ya magotini, akafuta vidole kwenye mwavuli. Saa hakuvaa. Miadi alikupa kwa maji: tuonane maji yakianza kupwa. Mimi ninayefika kila mahali mapema kwa hofu ya kuchelewa niliteseka sana, maana sikujua kuanza kwa kupwa ni dakika gani hasa. Nilikuwa nafika maji yangali yanajaa, nakaa juu ya gogo, namwona anatokea upande wa pili muda uleule maji yanapogeuka. Sikuwahi kujua alifanyaje.

Pa kwenda tulipatafuta miezi mingi. Kingo zilizojazwa kifusi cha nyumba zichimbwe tena. Mikoko iliyokatwa mdomoni mwa kijito irudishwe, mchu upande wa mchanga, mkandaa upande wa tope. Na uwanja wa mpira ushushwe, ili masika uyapokee maji na kuyaachia polepole. Hilo la uwanja lilileta kelele.

"Sasa Mhandisi, si tutakuwa tunacheza kwenye bwawa?"

"Masika huwa mnacheza?"

"Masika hatuchezi. Matope."

"Basi mtayaazima maji uwanja wakati nyinyi hamuutaki."

"Na yakikataa kuondoka?"

"Mtayapa kadi nyekundu."

Walicheka, na mtu akicheka akiwa na Mhandisi alikuwa ameshakubali nusu.

Kilichonishangaza ni samaki. Nusu ya mpango ule ilikuwa ya samaki. Alijua kwamba kamba wadogo huingia na bahari kutafuta maji matulivu ya kukulia, kwamba kaa wa matope hutaka mizizi, kwamba vifaranga vya mkizi hupanda vijito mpaka mahali ambapo maji hayana chumvi kabisa. Akiyazungumza hayo sauti yake ilikuwa inapungua, kama mtu anayezungumza habari za watoto waliolala chumba cha pili. Lakini samaki hakula. Wala hakugusa. Tukipita karibu na soko la samaki alivuka barabara. Siku moja mvuvi kijana alimletea pweza mkononi kwa heshima, Mhandisi akaruka nyuma akakanyaga ndoo.

"Mhandisi, unawaogopa?"

"Siwaogopi. Nataka warudi. Sijasema nataka kushikana nao mikono."

Na nyumbani kwake! Mtu huyu aliyekuwa anahubiri kwamba maji yaachiwe nafasi, uani kwake hapakuwa na hata kiganja cha udongo. Kote zege, limeinamishwa kuelekea kwenye mfereji uliofunikwa vizuri. Tone la mvua lilikuwa linatolewa nje kabla halijapoa. Nilimuuliza, kwa samahani nyingi. Akanitazama kama swali halina maana. "Ninapolala mimi nataka pakavu," akasema.

Siandiki haya ili nimcheke. Nilikuwa namtazama kwa udadisi kama ninavyotazama ramani ya mtu mwingine, natafuta alipokunja mstari.

Sasa nimlete Bibi yangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa ya kupitisha muda. Bibi ndiye aliyenilea. Nyumba yake ni vyumba viwili, ukumbi na jiko la nje, iko bondeni hatua chache kutoka barabara ya kwenda pwani, upande wa bara. Kila masika maji yalikuwa yanaingia. Godoro letu lilikuwa linapanda juu ya kabati la vyombo, na Bibi alikuwa anapanda juu ya godoro, anakaa huko na msahafu na redio. Mjomba wangu ana duka Msata, kwenye njia panda ya malori. Alikuwa amemjengea chumba. Mwaka ule alikuja akakaa ukumbini bila kuvua kofia.

"Mama, kila masika inakukuta juu ya kabati. Inayokuja haitakukuta. Mpango wao ukisaidia, sawa. Usiposaidia, tukimaliza Idi nakuja na gari."

"Msata kuna nini?"

"Kuna mimi, mama."

"Wewe nakujua. Nauliza kuna nini kingine."

Mjomba alipoondoka Bibi aliniambia, akitumia utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, chora vizuri. Mimi sitaki kufia kwenye honi za malori." Kuanzia siku ile kila mstari nilioupiga ulikuwa na Bibi juu yake.

Mhandisi alimwamkia Bibi kwa adabu kamili. "Shikamoo, dada." Na Bibi alikuwa kwanza ananyoosha kanga, anafukuza kuku, halafu, "Marahaba." Kwa wengine marahaba yake ilitoka kabla hujamaliza kuamkia. Kwa Mhandisi ilikuja kama maji ya bomba letu. Nilimuuliza kuna nini kati yao. "Hakuna kitu. Nimemwitikia, sikumwitikia?"

Barabara ya pwani inakivuka kijito juu ya kalavati. Ni bomba moja la zege chini ya barabara, limejengewa kuta pande zote mbili kwa mawe yaliyochongwa na kupangwa kama meno. Nimekaa mbele yake saa nyingi, upande wa bahari, maji yakiwa yamekupwa. Mdomo wake uko juu ya kijito usawa wa kiuno changu. Maji yanadondoka kutoka hapo kwenye kidimbwi, na kwenye kidimbwi vifaranga vya samaki vilikuwa vinazunguka chini ya mdomo ule kama watu waliofika ofisini wakakuta mlango umefungwa. Bahari ilikuwa inafika bombani kwenye bamvua peke yake. Siku nyingine zote samaki walikuwa wanafika hapo na kugeuka. Na upande wa juu, mvua ikija, bomba lilikuwa jembamba. Maji yalikuwa yanafika, yanangoja zamu, yanapanda. Nyumba ya Bibi ndiyo iliyokuwa kwenye foleni.

Nilijua. Mtu yeyote aliyetembea na Mhandisi mwezi mmoja angejua, maana yeye ndiye aliyetufundisha kutazama hivyo. Lakini rasimu ya kwanza ya mpango ilitoka na kalavati liko palepale. Ya pili, palepale. Mimi nilikuwa narudia kuchora kwa sababu zangu, kona haikukaa sawa, wino umevuja, na kila niliporudia nilikuta mstari wake wa penseli unapita bombani kimya kimya. Tukipita barabarani alikuwa anasimama hapo akiligonga jiwe la ukutani kwa kiganja, kama anavyogongwa mgongoni ng'ombe mzuri. "Miaka yote hii," alisema, "halina hata ufa." Halafu tunaendelea.

Nilijaribu kusema. Nilijiandaa kwa wiki nzima nikasema, "Samahani Mhandisi, labda ni mimi tu, sijui kama nimeelewa, lakini pale barabarani kama vile..." Akasema, "Umeelewa vizuri, hapo pana barabara," akageuza ukurasa.

Mkutano wa mwisho kabla ya mpango kupelekwa halmashauri ulifanyika uani kwa Bibi, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amechoka kusimama. Mjomba naye alikuja kutoka Msata, akakaa nyuma. Nilitandaza ramani kwenye mkeka na kuwekea mawe pembeni. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na nasema hivyo ingawa huwa sisemi. Mhandisi alieleza kila kitu kwa ncha ya mwavuli, kuanzia bara kuja baharini: kingo, uwanja, mikoko. Ncha ilipofika barabarani iliruka. Iliruka kidogo tu, kama mtu anayevuka dimbwi.

Bibi alikuwa amesimama jikoni na kikombe mkononi. Nilimtazama, nikamtazama mjomba aliyekuwa anachezea funguo za gari, nikasikia sauti yangu inasema, "Mhandisi, samahani. Kijito kimeogopa nini hapa?"

Kidole changu kilikuwa kwenye kalavati.

Vijana waliacha kunong'ona.

"Rudia," akasema. "Bila samahani."

"Kijito kimeogopa nini hapa?"

Alikaa chini kwenye mkeka, yeye aliyechukia mikutano ya kukaa. Alitoa karafuu mdomoni, akaitazama.

"Hili kalavati nimelijenga mimi," akasema. "Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Mengine ya siku zile yote yameshakwenda na maji. Hili halikwenda. Nilikuwa nikiwa mbali, kazini kwingine, nasikia mvua kwenye redio, nasema, lile langu lipo." Akairudisha karafuu shavuni. "Lipo kweli. Mnajua nyinyi kwamba ni langu?"

Hakuna aliyejua. Vijana hawakuwa wamezaliwa.

"Mimi najua," Bibi akasema kutoka jikoni. "Si niliwapikia wali vibarua wako? Wewe ulikuwa huli samaki, nikawa nakupikia mchicha peke yako."

Mhandisi aligeuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama Bibi usoni bila adabu kutangulia. "Dada, ni wewe? Wa mchicha wa nazi?"

"Ni mimi."

"Mbona miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema nini? Lilikuwa zuri. Watu walikuja Ijumaa na watoto kulitazama. Na mimi nililipenda." Bibi aliweka kikombe chini. "Halafu maji yakaanza kuingia ndani kwangu, nikawa silipendi. Nikangoja utanijua lini."

Mjomba aliacha kuchezea funguo.

"Nipe raba," Mhandisi akaniambia.

Nilimpa. Nilitaka kumwambia pale nimeshapitisha wino, ufutio hautatoa, unaharibu karatasi. Nilikaza meno. Alisugua kalavati, akasugua, mpaka karatasi ikachanika na mkeka wa Bibi ukaonekana kwenye tundu. Mtu mwingine ningemnyang'anya.

"Hapa," akasema, akipuliza vumbi la raba, "pawe wazi. Upana wa kijito chenyewe, na sakafu izikwe chini ya tope, isionekane. Samaki asijue kama amepita chini ya barabara."

Ramani ile ndiyo iliyokwenda halmashauri. Nilibandika kiraka nyuma, nikachora juu yake. Ningeweza kuichora upya, siku nilikuwa nazo. Mwenyekiti alishangaa, anajua nilivyo. Lakini kila nilipochukua karatasi mpya niliona nitapoteza kitu nikiifanya ramani iwe safi, basi nikaiacha na kovu lake. Kwa muda fulani baada ya hapo sikurudi kuusukuma mlango wa duka. Halafu nikarudia, lakini si kila siku.

Mjomba hakuja na gari baada ya Idi. Alisema atangoja masika moja.

Halmashauri ilikubali, lakini kulivunja lile kalavati kulikuwa na shida yake. Mafundi walikuja na mitambo ya kupasulia zege, na nyundo, na jua. Lilikataa. Walikuwa wanamtukana aliyelijenga, wanasema amekula nini, alitia nini kwenye zege hili, mwendawazimu gani anajenga hivi. Mhandisi alikuwa amesimama barabarani chini ya mwavuli wake wa mistari. Nilidhani analia. Nilimsogelea.

"Usiwanyamazishe," akasema. "Waache walaani. Sijasifiwa hivi tangu nistaafu."

Jiwe moja la ukutani aliomba apelekewe kwake. Lipo mpaka leo kwenye lile zege la uani, halina kazi yoyote.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha kama kawaida yake na bamvua likaja juu yake. Mjomba alipiga simu kila baada ya sala. Uwanja wa mpira ukajaa, ukawa ziwa, watoto wakacheka. Maji yakaingia uani kwetu, yakafika kwenye kizingiti cha jiko la nje, yakazima moto mafigani na kuchukua ndala moja ya Bibi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ncha ya godoro, tayari. Bibi alikuwa amelala juu yake, anasikiliza redio.

"Teremka, Bibi, tulinyanyue."

"Yakifika mlangoni uniambie, mke mwenzangu. Mimi nimechoka kupanda kabati."

Hayakufika mlangoni. Yalikaa kidogo uani, halafu bahari ilipogeuka yakaondoka kupitia chini ya barabara kwa haraka ambayo sijawahi kuiona, kama watu wanaotoka msikitini wakikumbuka mvua.

Mhandisi hakuwepo kuyaona. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika macho yote mawili, na binti yake aliyeolewa Ubena alikuwa amemchukua kwenda kumtunza huko, mbali na bahari na vijito. Nilidhani sitamwona tena. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kwenye simu, nayaandika, nayafuta.

Alikuja mwenyewe, mvua zilipokwisha, ameshikwa mkono na binti yake mpaka kwenye ua wetu. Buti zilezile. Alivua mlangoni kwa kupapasa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema Bibi, kabla Mhandisi hajaifunga midomo.

Alikunywa chai. Aliuliza habari za mjomba, za duka, za wote walioko shule na safarini. Kikombe kikaisha. Nilikuwa nangoja kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Haya. Godoro mliliweka wapi?"

"Kitandani," akasema Bibi. "Ulitaka liwe wapi?"

Mhandisi alitikisa kichwa polepole. Halafu akasema twende barabarani.

Tulishuka upande wa juu wa daraja jipya, pale ambapo zamani maji yalikuwa yanangoja zamu. Maji yalikuwa yanajaa, na si bamvua, ni siku ya kawaida tu. Yaliingia chini ya barabara bila kelele. Miche ya mikoko ilikuwa imesimama kwenye tope, mingine imekufa, mingine ina majani mawili.

"Wamo?" Mhandisi akaniuliza.

Nilitazama. Maji yalikuwa na tope. Niliona kitu kinametameta, kisha sikukiona. Zamani ningesema labda, pengine, samahani. "Sioni," nikasema. "Maji machafu."

"Huyu mtoto anaona ya kwenye karatasi tu," Bibi akasema. Akafungua kanga yake ya juu, akakunja gauni, akaingia majini mpaka magotini. Wanawake wa rika lake hapa walikuwa wanatanda uduvi kwa kanga, wawili wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, kabla kijito hakijafungwa. "Bi Mhandisi, shika huku."

"Dada, mimi siwezi. Unajua mimi na hivyo vitu."

"Nimekupikia mchicha. Shika."

Mhandisi aliniachia mwavuli. Aliingia akipapasa tope kwa miguu, akapewa pembe zake mbili. Wakaizamisha kanga, wakainama, wakaivuta taratibu kuelekea ukingoni, Bibi akihesabu hatua kwa kuguna. Kisha wakainyanyua. Maji yakachuja. Nilikuwa nimefumba macho, sijui kwa nini, na nilipoyafumbua niliona katikati ya kanga tope, jani moja la mkoko, na vitu vidogovidogo visivyo na rangi.

"Mbona mmenyamaza?" Mhandisi akauliza. "Niambieni. Kuna..."

Hakumaliza. Kanga ilikuwa imetikisika. Aliinua uso, macho yake meupe yakatazama mahali ambapo hatukuwepo, na mikono yake, ambayo nilidhani itaachia, ilikaza.

"Wananirukia," akasema. "Dada, wananirukia vidoleni."